35, 50 au 85: lenzi ipi kwa picha za watu Bagamoyo?

Vijana wanaopiga picha za harusi, mahafali na bethidei hapa Bagamoyo wana swali moja wanalolirudia: pesa ya lenzi moja ipo, ninunue 50 au 85? Wachache huulizia 35. (Namba hizi ni milimita za urefu wa fokasi wa lenzi: ikiwa kubwa, lenzi inaona kipande kidogo na kukikuza.) Wachache zaidi hujiuliza kama wanahitaji kununua chochote wakati ile 18-55 iliyokuja na kamera bado nzima. Nitazilinganisha zote, na simu pia nitaigusa, lakini niseme mapema ninakoegemea: kwa mji huu, ya kwanza kununua ni 50, na kilichonifikisha hapo ni milango na vichochoro kuliko ukungu wa nyuma, yaani ule ulaini wa mandhari nyuma ya mtu.

Mteja anayeendesha gari kutoka Dar mpaka huku hajafuata ukungu. Ukungu angeupata hata nyuma ya nyumba yake Mbezi. Amefuata mlango wa nakshi, ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa, magofu ya Kaole, miembe ya Misheni, na ngalawa zilizolala ufukweni maji yakitoka. Ukimpelekea picha ambayo nyuma yake ni rangi tupu iliyoyeyuka, atasifu, kisha atauliza, "Sasa hapa ni wapi?" Kwa hiyo lenzi ya kuchagua hapa ni ile inayokuwezesha kuamua mwenyewe mji ubaki kiasi gani nyuma ya mtu.

Hesabu zote hapa chini ni za kamera yenye sensa (kile kibamba kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, yaani zile ambazo wengi tunazo: Canon 2000D au 250D, Nikon D3500 au D5600 na ndugu zao. Sensa ya Canon ni ndogo kidogo, hivyo ongeza hatua nusu. Mwenye kamera ya sensa kubwa asogeze kila kitu ngazi moja: kwake 50 inafanya kazi ya 35 yetu, na 85 inakaribia kazi ya 50 yetu.

Tuanze na nafasi, maana ndiyo itakayokuumbua kwanza. Kamera ikiwa imesimamishwa wima, huu ndio umbali kati yako na mtu:

| Fremu | 35mm | 50mm | 85mm |
|---|---|---|---|
| Kichwa na mabega (kimo cha fremu sm 60) | m 0.9 | m 1.3 | m 2.3 |
| Kichwa hadi kiunoni (m 1) | m 1.5 | m 2.2 | m 3.7 |
| Mwili mzima (m 2) | m 3 | m 4.3 | m 7.3 |

Angalia ule mstari wa mwisho. Bibi harusi na gauni lake lote, kwa 85, anakutaka urudi nyuma mita saba na zaidi. Ufukweni hilo si tatizo, wala chini ya miembe ya Misheni. Lakini ingia Mji Mkongwe wa hapa, kwenye Mtaa wa India na vichochoro vinavyochepuka kutoka hapo, uone kama utazipata hizo mita saba. Mgongo wako utagota ukuta wa upande wa pili, au utajikuta umesimama katikati ya njia na bodaboda anakupigia honi. Tena kwa umbali huo huwezi kumwelekeza mtu kwa sauti ya kawaida. "Inua kidevu kidogo" inageuka kelele ya mtaa mzima, na mtu mwenye haya anazidi kukakamaa.

Upande wa pili, angalia 35 kwenye mstari wa juu: sentimita 90. Ukimsogelea mtu kiasi hicho pua inakua, paji la uso linatokeza, masikio yanarudi nyuma. Watu husema lenzi pana inaharibu sura, lakini kinachoharibu ni ukaribu. Ukisimama umbali uleule na lenzi tatu tofauti, kisha ukakata picha zote zilingane, uso ni uleule. Lenzi fupi inakuponza kwa sababu inakuvuta usogee. Ndiyo maana 35 siishauri kwa picha za kichwa na mabega, ila kwa mwili mzima ndani ya chumba au kichochoroni haina mpinzani. 50 kwa mita 1.3 iko mahali pazuri: uso haujavutika, na bado mnaongea kama watu waliokaa baraza moja. 85 kwa mita 2.3 inampa nafuu mtu asiyependa kamera puani, na uso unatulia zaidi. Kwa picha za sura tupu, za wasifu wa kazini au za wasanii wa pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wanaotaka mabango, 85 ni bora. Hapo sibishani.

Sasa kina cha fokasi, yaani kile kipande cha mbele na nyuma ya macho kinachotoka wazi kabla mambo hayajaanza kulainika. Imani iliyoenea ni kwamba 85 ina kina kifupi zaidi kuliko 50. Ukisimama palepale, ni kweli. Lakini nani anasimama palepale? Ukibadilisha lenzi unarudi nyuma ili upate fremu uliyoitaka, na ukirudi, kina kinalingana tena. Kwa fremu ya kichwa hadi kiunoni, f/1.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa), kina ni kama sentimita 13, iwe 35, 50 au 85. Kwa kichwa na mabega kinashuka hadi sentimita 5. Kwa mwili mzima kinapanda hadi nusu mita hivi. Kinachotawala ni ukubwa wa mtu ndani ya fremu na namba ya f, na lenzi uliyofunga haibadilishi sana.

Hizo sentimita 5 zifikirie vizuri. Kutoka jichoni hadi sikioni ni kama sentimita 10. Fokasi ikikaa jichoni kwa f/1.8, sikio limeshaondoka na hereni yake, na ncha ya pua iko mpakani. Mtu akigeuza uso robo tatu, jicho la mbali linalainika pia. Wengine wanapenda hivyo. Mimi kwa fremu ya kichwa na mabega nafunga hadi f/2.8 au f/4, na kwa wawili, bwana na bibi harusi waliokaribiana vichwa, sishuki chini ya f/4 wasipokuwa kwenye mstari mmoja. Na kama kamera yako haitambui macho yenyewe, sogeza nukta ya fokasi hadi juu ya jicho. Usishike fokasi katikati kisha ukahamisha kamera. Kwa kina cha sentimita 5, kuhama huko kunatosha kukuachia nyusi kali na jicho laini.

Kama kina ni kilekile, tofauti ya 50 na 85 iko wapi? Iko nyuma. Mambo mawili hutokea kwa pamoja: 85 inachukua kipande kidogo zaidi cha mandharinyuma, na inakikuza, ukungu wake ukiwemo.

Chukua mlango. Mtu amesimama mita tatu mbele ya mlango wa nakshi, fremu ni kichwa hadi kiunoni. Kwa 35, kule kwenye mlango fremu inabeba kimo cha mita 3: mlango wote, na ukuta juu yake. Kwa 50 inabeba kama mita 2.4: mlango karibu wote, pamoja na kizingiti cha juu chenye maua. Kwa 85 unabaki na mita 1.8 hivi: ubao wa mlango, mfaa wa katikati labda, na misumari ya shaba ikigeuka viduara vinavyong'aa. Ni picha nzuri, lakini si picha ya mlango tena. Ndiyo maana nasema 50 inakuachia uamuzi mkononi. Kwa f/1.8 mlango unakuwa hisia tu ya mbao na rangi, kwa f/5.6 unaanza kusomeka, mtu akijua ni mlango wa Kibagamoyo, na macho bado yanaenda kwa aliyesimama mbele. Mwili mzima ukiuweka kwa f/5.6 mlangoni kabisa, mtu akiwa ameegemea mfaa, nakshi zote zinatoka. Wala usione aibu kufunga tundu. Kuna watu wakishalipia f/1.8 wanaona kupiga kwa f/5.6 ni kutupa pesa.

Ufukweni mambo yanageuka, na hapo 85 inastahili sifa zake. Kitu kilicho mbali sana, kama jahazi lililotia nanga au msitari wa mikoko, kwa 85 kinaonekana kikubwa mara 1.7 kuliko kwa 50, mtu akiwa na ukubwa uleule kwenye fremu. Ukitaka tanga lijae nyuma ya bega la mtu badala ya kuwa kidoti kwenye upeo wa macho, rudi nyuma na 85. Ukungu nao unakua kwa kiwango hichohicho, ndiyo maana picha za 85 za baharini zina ule ulaini wa siagi ambao 50 haiufikii. Kwa 35 jahazi linakuwa kama nzi aliyetua kwenye picha.

Kuna kazi moja inayopima vizuri akili ya mpiga picha kuliko lenzi yake: mtu anayefanya kazi ya mikono. Bibi mmoja nilimkuta barazani anasuka ukili, ukindu wa zambarau na kijani umemwagika mapajani. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikaomba kupiga. Akanijibu bila kuinua macho: "Piga, ila ukili wangu uonekane. Sura yangu watu wanaijua."

Ombi dogo, lakini lina hesabu ndani yake. Mikono ya mtu anayesuka iko sentimita 30 hadi 40 mbele ya uso wake. Kwa fremu ya kiunoni na f/1.8 una sentimita 13 tu. Ukiweka fokasi machoni, mikono ni wingu, ukiiweka mikononi, uso ni wingu. Funga hadi f/5.6 upate kama sentimita 42, utadhani umemaliza. Bado. Kwa umbali mfupi kina hicho hugawanyika karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma ya fokasi, na ile habari ya theluthi mbele na theluthi mbili nyuma haifanyi kazi hapa. Nusu ya nyuma inapotelea hewani nyuma ya kichwa cha bibi. Unachoweza kufanya ni kuweka fokasi kwenye ushungi, pale kifuani, kati ya uso na mikono, na kufunga hadi f/8. Au usihangaike na namba kabisa: hama ukae ubavuni kwake, uso na mikono viwe umbali mmoja na wewe. Kutoka ubavuni, f/4 inatosha, baraza lote linaingia kama mstari unaopita kwenye fremu, na ukungu unarudi nyuma unakotakiwa. Kwa kazi hiyo 50 ilinitosha. 85 ingenisukuma hadi nje ya baraza, kwenye jua, na nguzo ingekaa kati yetu.

Simu ingefanya nini pale? Hali ya potreti ya simu haina kina kifupi cha kweli. Sensa ni ndogo mno, hivyo simu inakisia umbali wa vitu kisha inapaka ukungu kwa programu. Kwenye uso uliotulia mbele ya ukuta inakisia vizuri, na kwa picha zitakazoishia kwenye skrini ya simu nyingine, mteja wa kawaida hatajua. Mpe nyuzi za ukindu zilizotawanyika, matamvua ya mtandio, nywele za afro dhidi ya anga, au moshi wa wakaanga samaki pale sokoni, utaona inakata vipande visivyofaa na kuacha vingine. Pia lenzi kuu ya simu ni pana, kwa hiyo ile shida ya pua inakurudia; tumia ile ya kukuza mara 2 au 3 kama ipo, urudi nyuma. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu simu.

Na 18-55? Ivutwe hadi 55, tundu lake kubwa ni f/5.6. Kwa fremu ya kiunoni hiyo ni kama sentimita 42 za kina, ukungu wa wastani kwa vitu vya mbali, kidogo sana kwa ukuta ulio karibu. Lakini soma tena nilivyosema kuhusu mlango: f/5.6 ndiyo namba niliyoipendekeza. Mwenye 18-55 anayejua kumtenga mtu na ukuta kwa mita tatu nne, anayepiga saa 1 asubuhi au saa 11 jioni, hayuko mbali kama anavyodhani. Kinachomwangusha ni giza. Ndani ya ukumbi wa harusi, f/1.8 inapokea mwanga mara kumi hivi ya f/5.6. Kama kazi zako nyingi ni za ukumbini usiku, hilo pekee linatosha kukutoa kwenye 18-55, hata kabla hatujazungumza habari za ukungu.

Mchana kinyume chake ndicho kinachotesa. Kanuni ya wazee wa filamu inasema jua likiwaka, f/16 na kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) ilingane na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga): ISO 100, sekunde 1/100. Fungua hadi f/1.8 utahitaji karibu 1/8000, na kamera nyingi za bei zetu zinaishia 1/4000. Maana yake ukiwa ufukweni saa 6 mchana kwa f/1.8, picha inaungua, iwe 35, 50 au 85. Kwa f/2.8 unapona, kwa 1/3200 hivi. Anayetaka f/1.8 mchana anunue filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Hapo 50 inapata pointi nyingine ndogo: Canon 50mm f/1.8 STM inavaa filta ya milimita 49, Canon 85mm f/1.8 ya 58, na Nikon 85mm f/1.8G ya 67, na filta kubwa zina bei kubwa. Ingawa kusema kweli, saa hiyo jua letu liko karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi au kuelekea katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo meusi. Mpeleke mtu barazani au chini ya mwembe, tatizo la shata linaisha lenyewe.

Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki: anayetaka jahazi nyuma ya mtu na mwanga usoni aje jioni, jua likitokea upande wa mjini. Asubuhi pozi hilohilo linampa mtu jua la mgongoni, ukingo wa dhahabu kwenye nywele na uso wenye kivuli. Yote mazuri, lakini si picha moja. Kanzu nyeupe na mchanga mweupe huifanya kamera ipunguze mwanga hadi uso mweusi unapotelea gizani. Ongeza fidia ya mwanga kwa stopu nzima (yaani mwanga mara mbili), uangalie uso kwenye skrini badala ya kanzu.

Kwa bei, f/1.8 ya 50 ndiyo rahisi kwa karibu kila kampuni, na 85 huwa mara mbili hadi tatu yake au zaidi. Uzito nao: 50 STM ya Canon ni gramu 160 tu, 85 yao f/1.8 ni 425. Ukiwa umetembea kwa miguu toka Caravanserai, kile kituo cha kale cha misafara, hadi ufukweni na kurudi, shingo itakuambia. Kwa hiyo 50 kwanza. Anayepiga zaidi ndani ya nyumba na vichochoroni, au watoto wasiotulia, aanze na 35. Na 85 namwachia yule ambaye tayari ana 50, anapiga sura na ufukwe, na anajua kwa nini anarudi nyuma.

Ukinunua iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu, nenda na kamera yako mwenyewe. Wenye Nikon D3000 na D5000 na namba zinazofuatana nazo, msiuziwe AF 50mm f/1.8D kwa sababu ya bei yake rahisi: kamera hizo hazina mota ndani, na lenzi hiyo haina yake, kwa hiyo fokasi itakuwa ya kuzungusha kwa mkono maisha yote. Tafuteni AF-S, yenye mota yake ndani. Wenye Canon, ile 50mm f/1.8 II ya zamani inafanya kazi, ila shingo yake, pale inapofungwa kwenye kamera, ni ya plastiki, fokasi ina kelele, na ukifunga tundu, taa za ukumbini zikiwa nyuma hutoka na pembe tano. STM ya mwaka 2015 hutoa viduara. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lenzi upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa pwani haitapungua, itaenea. Rudisha, hata kama muuzaji ameshashusha bei mara mbili.